Viti vya Pweza Ukumbini

Mkunazini, Unguja
4 Februari 1968

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika juzi, imekunjamana kama iliyokaliwa, lakini imefika salama na sisi pia tu salama. Shangazi Mwanamwema anakusalimu. Miguu inamsumbua asubuhi, ikifika adhuhuri anapanda na kushuka ngazi huku akigomba, hapo ndipo tunapojua kuwa kapata nafuu. Skuli tumefungua. Nimepewa darasa la nne, watoto wamebanana madawatini kama tende kikapuni. Umeuliza kama chakula kipo. Kipo, usijitie wasiwasi.

Sasa nikupe habari utakayoicheka. Nnafuga samaki.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kijerumani, mumewe mhandisi wa yale majumba mapya ya Kikwajuni, akija kushonewa nguo na Shangazi. Muda wa mumewe umekwisha, wamerudi kwao. Nyumbani kwake alikuwa na birika la kioo lenye fremu ya chuma, refu kama meza yetu ya kulia, na ndani yake maji ya bahari, mchanga, mawe ya matumbawe na samaki wazima wanaogelea. Siku ya kuaga akamwambia Shangazi, “Sasa hawa nani atawatunza?”

Shangazi akamjibu, “Bahari ile pale, bibi. Warudishe kwao.”

Mimi nikasema, “Nitawatunza mie.” Hata sijui maneno yale yalitoka wapi.

Basi liko ukumbini, chini ya dirisha. Wamo wawili wa rangi ya chungwa wenye mishipi myeupe, wanaishi ndani ya kinyama laini chenye vidole vingi kinachowachoma samaki wengine wote isipokuwa hao. Yumo kitatange wa manjano, mwoga, ukipiga chafya anajificha. Na kimo kiti cha pweza kimoja, umbo lake kama nyota, chekundu chenye vinundu. Hukioni kinatembea. Unakiacha pembe hii, unakwenda kumimina chai, ukirudi kiko pembe ile.

Tatizo ni kuwa birika linavuja, fremu imeliwa na chumvi. Kuna fundi wa kuchomea vyuma tumeambiwa atakuja kuliangalia.

Umeniuliza tena habari ya kuja huko. Wacha kwanza wazoee hawa samaki, baba, ndio wamehama nyumba.

Mwanao,
Shariffa

*

Dubai
27 Machi 1968

Kwa binti yangu Shariffa,

Marahaba, na Mungu akuzidishie afya, wewe na dada yangu. Barua yako nimeipata jana bandarini, nikaisoma nimeegemea magunia ya mchele huku wachukuzi wakinisubiri nihesabu. Mimi mzima. Kazi ni ileile: kinachoshuka melini nakihesabu, kinachopanda nakihesabu. Baridi imekwisha, joto linabisha hodi. Leo asubuhi nimekula mkate wa kumimina uliotoka vizuri sana, mwekundu chini na laini juu, nikakumbuka nyumbani.

Nimekuuliza safari, umenijibu samaki. Nimecheka kama ulivyosema, kisha nikaacha kucheka.

Shariffa, una miaka ishirini na mbili. Wakati naondoka mwaka ule nilikwambia nitatafuta njia ya kukuleta, na njia sasa ipo. Yupo hapa Himid bin Matar. Watu wake tunajuana nao tangu Unguja, babu yake na babu yangu walisali safu moja. Ana duka la saa, hana makuu, na ameniuliza habari zako kwa adabu. Sijamjibu. Nasubiri neno lako, lakini ujue moyo wangu uko wapi.

Naikatiza hapa kidogo, naitwa.

Nimerudi. Ni siku ya pili, jana sikuweza kuendelea. Nimesahau nilichotaka kusema. Msalimie dada. Na hao samaki, wanakula nini?

Baba yako,
Nasser

*

Mkunazini, Unguja
2 Juni 1968

Baba yangu,

Shikamoo. Masika ya mwaka huu hayana huruma. Dari la chumba cha nyuma linadondosha maji na Shangazi kapanga sufuria zote chini, ukipita inabidi uruke kama mtoto anayecheza. Lakini hatuumwi. Shangazi anasema kule kwenu mnaililia mvua, basi njooni muichukue.

Umeuliza wanakula nini. Kamba waliokatwa vidogovidogo, na dagaa wabichi. Kiti cha pweza nakiwekea kipande cha kome karibu, kinakipanda juu, kinakaa hapo kimya kama kuku anayelalia mayai. Ukikiangalia tena kome hayupo.

Birika halivuji tena. Yule fundi amekuja, anaitwa Simai. Ameikwangua fremu yote, akaipaka lami mara mbili, akasema, “Chuma kisiguse maji, Bi Shariffa. Kutu ikiingia mle utawaua.” Yeye kwao Jambiani na huenda kila mapumziko. Nilimwomba aniletee viti vya pweza vingine. Mamake aliviokota maji yalipokupwa, vizuri mno, kimoja cha buluu. Vikaja na gari ya shamba ndani ya kikapu cha mwani mbichi. Siku ya pili ncha za vidole zikaanza kulegea kama sabuni iliyosahauliwa majini. Vikafa vyote.

Tumejifunza kwa hasara. Kiti cha pweza hakitaki kutolewa majini hata kwa kitambo kidogo, na hakitaki kubadilishiwa maji kwa ghafla. Sasa vinakuja ndani ya debe lililojaa, na debe naliweka kando ya birika. Nachota kikombe kimoja cha maji yetu namimina, nakwenda kusahihisha madaftari, narudi na kikombe kingine. Inachukua alasiri nzima. Vitatu vilikaa hivyo.

Halafu nikafanya ujinga. Niliona mchanga umechafuka, nikamtia jongoo wa pwani ausafishe. Akafa nyuma ya jiwe bila mimi kujua. Niliporudi skuli maji yalikuwa meupe kama tui, na kitatange amelala ubavu juu. Kumbe jongoo akifa anatoa sumu. Waliookoka ni wale wawili wa chungwa na kiti cha pweza kile cha mwanzo tu, tena kwa sababu Simai alipita kuchukua nyundo yake, akaona, akatoka mbio na madebe kwenda kuteka maji mapya. Nililia, baba. Shangazi akaniambia, “Unalilia kitoweo?” Lakini alinipikia uji.

Maneno ya ukurasa wako wa pili nimeyasoma.

Mwanao,
Shariffa

*

Dubai
30 Julai 1968

Binti yangu,

Marahaba. Joto limefika mahali ambapo mtu hashiki mlango wa chuma kwa mkono mtupu. Tunafanya kazi alfajiri, tunapumzika mchana, tunarudi jioni. Nimepunguza sukari. Shati zangu zote zina vifungo, usicheke, kwani ninajua ulikuwa ukinicheka.

Pole kwa samaki wako. Niliposoma habari ya jongoo nilimsimulia mwenzangu wa kazini, naye akauliza kiti cha pweza kile kimoja kinaendeleaje. Kwa hiyo uniandikie, maana kila siku ananiuliza.

Sasa nisikilize. “Nimeyasoma” si jibu. Nimekulea ujibu unapoulizwa. Himid bin Matar si mtu wa kungojeshwa, na wazazi wake wanamtajia wasichana wengine. Kama una sababu, iandike. Kama sababu ni miguu ya dada, tutaizungumza. Kama sababu ni birika, basi nitakuwa baba wa kwanza kukataliwa kwa ajili ya samaki.

Barua zangu nyingine mbili ulizipata? Hukuzitaja.

Baba yako,
Nasser

*

Mkunazini, Unguja
15 Septemba 1968

Baba yangu,

Shikamoo. Hapana, barua mbili hizo hazikufika. Hiyo ya Julai imefika wiki iliyopita. Sote wazima. Dari limeshazibwa. Jirani yetu wa nyumba ya pili kaoza binti yake, tumekula biriani mpaka tukashindwa kukaa vizuri.

Mwambie mwenzako wa kazini kuwa kiti cha pweza kile kizima na sasa kina wenzake watano. Kimoja kilikuja kidole kimekatika, na pale palipokatika kinaota kingine, kidogo kama ncha ya penseli. Watoto wa darasa langu wanakuja kwa makundi kukitazama, na Shangazi anawavulisha viatu mlangoni.

Ijumaa ya mwezi uliopita umeme ulikatika baada ya sala ya alfajiri. Mashine inayopuliza hewa birikani ikanyamaza. Ukumbi ulikuwa kimya hata nikawasikia njiwa wa paa la pili. Baada ya muda samaki wakaja juu, vinywa wazi, wanatafuta pumzi. Njia ni moja tu, kuchota maji na kuyamimina kutoka juu ili yachukue hewa, na kuchota tena, na tena, bila kupumzika. Nilianza mimi. Mkono ulipokufa ganzi nikasikia kiti kinaburuzwa. Shangazi! Amekaa mbele ya birika, kata mkononi. “Toka hapo,” akaniambia, “unamwagia sakafu.” Yule aliyesema warudishwe baharini, baba, alichota mpaka jasho likamtona kidevuni, na kila akimimina anawaambia, “Haya, vuteni, vuteni wanangu.”

Tulipokezana hivyo kutwa nzima, sisi watatu, hata adhana ya magharibi ilipoanza taa zikawaka na mashine ikakoroma. Hakufa hata mmoja. Shangazi alitazama huku na huku kuhakikisha, kisha akasema tule, maana hata chai hatukunywa.

Kuhusu Himid, naomba usiwakatalie wala usiwakubalie. Nipe muda mdogo.

Mwanao,
Shariffa

*

Dubai
28 Oktoba 1968

Shariffa,

Nimefurahi kuwa mko wazima, na nimemcheka dada mpaka watu wakanitazama.

Lakini umeandika “sisi watatu”. Dada yangu mmoja. Wewe wa pili. Kuhesabu ndiyo kazi yangu.

Nimezitoa barua zako nikazisoma upya. Februari ni “fundi”. Juni ni “Simai”, naye anapita kuchukua nyundo saa ileile maji yanapoharibika. Septemba hatajwi kabisa, ila viti vya pweza vya Jambiani vimeongezeka na mikono imekuwa sita.

Ni mtu gani huyu? Watu wake ni nani? Jambiani hatuna mtu. Na dada yangu ananyamaza kwa nini?

Nijibu kwa barua itakayoondoka mara utakapoisoma hii.

Baba yako

*

Mkunazini, Unguja
26 Novemba 1968

Baba yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Naandika baada ya alasiri, Shangazi anapepeta mchele na saumu imemshika, hataki kusemeshwa.

Wa tatu ni Simai bin Mcha. Ana miaka ishirini na minane, ni fundi wa vyuma karakana ya serikali. Babake, Mzee Mcha, anafuma nyavu na kuadhini msikiti wa kwao. Mamake ni Bi Kazija, anachokoa pweza na kusuka ukili wa mikeka. Hawana shamba la karafuu wala hawakupata kuwa nalo. Babu yake na babu yako hawakusali safu moja, au labda walisali, Ijumaa mtu hamuulizi aliye ubavuni mwake katoka wapi.

Sikukwambia kwa kuwa niliogopa. Niliogopa utasema hapana, na wewe ukisema hapana mimi sifanyi. Anayeniozesha ni wewe. Kuna watu walioniambia kadhi yupo aniozeshe, baba hayupo. Nikawaambia baba yupo, anasoma barua.

Hajapata kupanda ngazi zetu Shangazi hayupo. Hajaniambia neno la kunitia aibu. Siku ile ya umeme alimaliza saumu ya sunna palepale mbele ya birika, na alipokwenda zake kitasa kilimshinda kufungua kwa uchovu. Wiki iliyofuata babake na ami yake walikuja kwa Shangazi kuposa, na heshima zote. Aliwapa kahawa na halua, akawaambia, “Mwenyewe yuko Dubai. Mimi mlinzi tu.” Ndiyo sababu ya kunyamaza kwake. Anasema mambo haya nikwambie kwa kalamu yangu.

Amekubali kukaa hapa, ili Shangazi asibaki peke yake. Himid ni mtu mwema nami simjui. Siwezi kwenda kwake huku nimegeuza shingo.

Nimeshasema yangu. Sasa nami niulize. Baba, wewe ulikuwa huwezi kuchemsha maji. Nani kakupikia mkate wa kumimina? Nani anakushonea vifungo? Na huyo mwenzako wa kazini anayetaka kujua kila siku habari za kiti cha pweza, mbona anapokuita unaacha kalamu mpaka kesho yake?

Sijakasirika. Mama alifariki nikiwa skuli ya msingi, na wewe ulikaa miaka mingi peke yako kwa ajili yangu. Nimeuliza tu.

Mwanao anayekupenda,
Shariffa

*

Dubai
3 Januari 1969

Kwa binti yangu mpenzi Shariffa,

Marahaba, na iwe Idi ya kheri kwenu nyote, ingawa imeshapita. Barua yako ilinifika siku ya Idi yenyewe. Niliisoma, nikaiweka mfukoni, nikaenda kutembelea watu, nikarudi nikaisoma tena. Nimechelewa kuijibu kwa kuwa nilianza barua tatu nikazichana. Mbili zilikuwa kali. Ya tatu ilikuwa ya uongo.

Nimekuwa hapa mwaka wa tano. Nilipofika sikuwa na mtu. Hakuna aliyejua babu yangu ni nani, wala hakuna aliyeuliza. Waliniuliza kama nimekula. Mtu aliyenipa godoro la kwanza ni mchukuzi, na hata leo sijui ukoo wake. Halafu nikakaa nikakuandikia wewe, “Watu wake ni nani?” Niliona haya, Shariffa.

Nimekwenda kwa Himid mwenyewe. Nilimwambia moyo wa binti yangu uko kwingine. Akasafisha miwani yake, akasema, “Afadhali nimejua sasa.” Amenipa saa ya mkono kwa ajili ya bwana harusi. Ni muungwana kuliko nilivyokwambia.

Mbele ya mashahidi wawili nimempa uwakili Sheikh Bakar wa msikiti wetu wa Mkunazini akuozeshe kwa Simai bin Mcha kwa niaba yangu, kwa ridhaa yangu kamili. Hati imo ndani ya bahasha hii, na nakala nyingine nimempa mtu anayesafiri, ikiwa hii itapotea njiani. Mahari ni yale utakayotaka wewe.

Sasa swali lako. Anaitwa Kidawa. Ni mjane, kwao Malindi, alikuja huku na kaka yake. Tumeoana miaka miwili iliyopita. Nilikuwa nikianza kukuandikia, nafika neno “nimeoa”, kalamu inageukia joto na magunia. Niliogopa utadhani nimefunga mlango wa kwetu. Yeye ndiye anayeuliza habari za kiti cha pweza. Nikirudi na barua yako lazima nimsomee kabla sijavua viatu.

Tuna mtoto, wa kike. Tumempa jina la marehemu bibi yako, mama yetu mimi na dada, Mize. Ana miezi saba, analia kwa sauti ya muadhini, na masikio yake ni masikio yako.

Mwambie Simai asiteke maji bandarini, kuna mafuta ya meli. Najua hafanyi hivyo, ila baba mkwe lazima aseme neno.

Baba yako,
Nasser

*

Mkunazini, Unguja
23 Februari 1969

Baba yangu,

Shikamoo wewe, na shikamoo Bi Kidawa. Mize nimembusu masikio yote mawili kwa mbali. Shangazi niliposoma jina lake alikwenda jikoni, akakaa huko kitambo, akarudi akasema moshi wa kuni umezidi. Anashona kanzu ya mtoto tangu jana na hataki kuulizwa ni ya nani. Hati zote mbili zilifika, ya posta ikaishinda ya msafiri kwa siku mbili.

Nimeolewa, baba. Ilikuwa Alhamisi, baada ya sala ya isha. Sheikh Bakar alipotaja jina lako kuwa ndiye unayeozesha, Hasan mtoto wa jirani anasema msikiti mzima uliitikia kwa sauti. Simai alivaa saa ya Himid, na mkono huo akauweka mbele usiku kucha kama ameteguka. Mimi nilitiwa hina mpaka kwenye kiwiko.

Sasa nikusimulie kitu kimoja, kisha nikapike.

Watu wa Jambiani walikuja asubuhi ya harusi, gari nzima, na mikungu ya ndizi na pweza wakavu. Mama mkwe wangu, Bi Kazija, hakupata kuingia nyumba ya ghorofa ya Mjini. Alipanda ngazi zetu akishika ukuta kwa mikono miwili. Wanawake wengine wakaingia chumbani kunitazama. Yeye akabaki ukumbini. Tulingoja, tukangoja, sahani yake ikapoa. Nikatoka na hina yangu mikononi kumtafuta.

Alikuwa amekaa chini, sakafuni, uso karibu uguse kioo. Mmoja wa wale wa rangi ya chungwa alikuwa amekuja mpaka mbele yake, anamtazama, vidole vya kinyama vinampapasa mgongoni. Viti vya pweza viwili vimepanda kioo chenyewe, na upande wa chini, ambao mtu hauoni, miguu yao midogo mamia kwa mamia inapepea.

Nikamwita, “Mama, chakula kinapoa.”

Hakugeuka. Akaniambia kwa sauti ya chini, Kimakunduchi kidogo, Kiunguja kidogo, kuwa tangu ana akili zake huenda pwani, na viumbe hawa wote anawajua, lakini siku zote kawatazama amesimama, kwa juu, kawaona migongo tu.

“Sikujua,” akasema, “kama wana nyuso.”

Nikakaa chini pembeni yake, hina ikipata vumbi. Shangazi alipokuja kutugombeza akatukuta hivyo, akatutazama, akavuta kiti chake.

Mwanao,
Shariffa